Saa Mbili na Robo, Durham

Meza ya jikoni, Peterborough, usiku wa Alhamisi.
Sahani za maharage zimesukumwa pembeni,
Zuhura ametandaza safari juu ya kitambaa cha plastiki
kama fundi anayetafuta pa kupitisha mkasi:
hapa tunapanda, pale tunabadilisha,
kule Edinburgh, Jumamosi, wifi yangu anaolewa.

Katikati kuna Durham.
Nimeipita mara nne, dirishani.
Treni inapunguza mwendo juu ya daraja refu,
mji uko chini, mapaa na mabomba ya moshi,
kisha kanisa, kubwa kupita kiasi,
limekaa kilimani kama mwenye nyumba anayengoja kodi.
Ukipapasa simu upige picha, halipo tena.
Mara hii nimesema: tushuke.

Tikiti ya bei nafuu haikubali mtu ashuke njiani.
Zuhura akaikata safari vipande viwili
na vipande, ajabu ya nchi hii,
vikawa rahisi kuliko mkate mzima.
Tumeokoa pauni kumi na moja.
Mbwana keshazitumia zote, kwa mdomo.

"Kushuka," anasoma Zuhura, "kumi na moja hamsini na mbili.
Kupanda tena, kumi na nne na saba."
Bi Sikudhani anaweka kikombe chini.
"Saa kumi na nne? Hiyo haijazaliwa.
Mchana una zake kumi na mbili, usiku una zake,
wamegawana, wala hawajagombana."
Anachukua kalamu, anaandika upya:
saa sita kasoro dakika nane.
Saa nane na dakika saba.
Miaka thelathini na moja alikata tikiti stesheni ya Tanga
kwenye kidirisha kisichozidi uso wake.
Akiandika saa, treni ilitii,
au haikutii, na akatukanwa yeye.

Basi tunapanga. Kwanza goti lake,
maana goti ndilo mwenyekiti:
mlima ni mkali, lakini kuna basi dogo.
Mwavuli. Choo. Sambusa, tuzilie wapi
bila kutazamwa sana.
Mto, tuuone kwa juu, kushuka hatuwezi.
Mbwana anataka pete ya mlango wa kanisa,
uso wa shaba, mnyama mwenye macho matupu.
Zamani, anasoma dada yake,
aliyekimbizwa akiishika pete hiyo
haguswi. Alipewa siku thelathini na saba.

"Siku ngapi?" anauliza Shamte,
aliyengoja karatasi zake miezi kumi na tisa
katika hoteli isiyopokea wageni.

"Thelathini na saba, baba."

Hasemi kama ni nyingi au ni chache.
"Iandike," anasema. "Pete, dakika kumi."
Baadaye, nikikusanya sahani,
naona kumi imefutwa. Ni ishirini.

"Na wewe, mama? Ngome? Maduka?"

"Mimi niacheni kwanza pale pale stesheni.
Nataka treni tuliyoshuka iondoke mbele yangu
nami sina bendera, sina daftari,
sina wa kumwambia upesi.
Niliuza Moshi, niliuza Korogwe, niliuza Dar.
Hakuna hata siku moja aliyekuja dirishani akasema,
nikatie ya kushuka nisikokwenda."

Kimya kidogo. Birika linaguna.
Mbwana anauliza kama pete ni baridi.

Zuhura anajumlisha, anarudia, anang'ata kalamu.
Anafuta choo. Ninakirudisha choo.
Anapunguza mto, baba yake anaurudisha mto.
Hakuna anayethubutu kugusa goti.

"Haitoshi," anasema mwishowe.
"Tunazo mia na thelathini na tano,
tumetumia mia na arobaini na tisa.
Zimezidi dakika kumi na nne."

Bi Sikudhani anacheka mpaka anashika meza.

"Haya," anasema, "ndiyo hiyo. Imezaliwa.
Tutaibeba hivyo hivyo."